Wifi kanitolea dawa zangu mbele ya watu, nami natafuta mtoto

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, na usidhani ugonjwa umenipanda. Baipola yangu, huu ugonjwa wa akili wa kupanda kupita kiasi na kuzama kwenye huzuni, ikipanda huwa sikai chini kuandika barua. Ni hasira. Juzi kwenye arobaini ya mtoto wa shemeji, wifi kapekua mkoba wangu, katoa pakiti ya dawa, kaipunga mbele ya mama mkwe: "Huyu ndiye wa kutuzalia?" Mume wangu palepale anakula pilau. Hakutamka neno.

Natumia sodiamu valproeti. Imeninenepesha, nywele zinabaki kwenye kitana, lakini sijarudi wodini. Sasa daktari anasema kwa anayetaka kushika mimba hii haifai, inaweza kumdhuru mtoto uti wa mgongo na akili. Nisiikate ghafla, tubadilishe kwanza. Kuna lithiamu: nayo ina hatari kwa moyo wa mtoto, ila ndogo zaidi, na lazima nipimwe damu kila mara, figo na tezi ya shingo pia. Tumbo la hedhi likiniuma nisiguse diklofenaki wala ibuprofeni, zinapandisha lithiamu mwilini. Kuna lamotrijini, dozi inaongezwa taratibu wiki kwa wiki, ukiona vipele unakimbilia hospitali. Hiyo inasaidia zaidi wanaozama kwenye huzuni, na mimi shida yangu ni kupanda. Kwetiapini ni usingizi na unene tena. Kwetu kipimo cha lithiamu hakuna, ni basi hadi mjini, na nauli anatoa huyohuyo aliyekuwa anakula.

Dada yangu ananiambia niache zote mpaka nijifungue. Sitaki hata kulisikia hilo, alinifunga kanga mikononi nilipougua, amesahau? Ingawa Shangazi, ningeacha hiyo miezi tisa tu, wifi angepekua akakuta mkoba hauna kitu.

Mume sijamweleza maneno ya daktari. Simfichi. Angeuliza ningemwambia. Hajauliza, alimaliza sahani yake akaomba maji ya kunawa.

Je, nibadilishe dawa kimyakimya kwanza, yeye ajue baadaye? Na iwe lithiamu, au hiyo ya vipele? Tafadhali usiniambie nikae naye tuongee, wala usinitume kwa wifi kutafuta suluhu. Kliniki ni mwisho wa mwezi huu, nijibu kabla.

Msomaji wako