Risala ya Matabibu wa Kinywa na Meno kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, 20 Machi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi; Mganga Mkuu wa Wilaya; Mheshimiwa Diwani; viongozi wa dini, walimu, wanafunzi na wananchi wote, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana katika kituo chetu cha afya. Tunajua ratiba yako imebana, na kukubali kwako mwaliko huu kumetupa moyo.

Kwa ufupi, taaluma ya usafi wa kinywa ilianzia Bridgeport, Marekani, ambako mwaka 1906 Dk. Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua darasa, na wahitimu wengi wakapelekwa mashuleni. Hapa nchini jukumu hilo analibeba tabibu wa kinywa na meno, anayesomea stashahada kwa miaka mitatu: anakwangua ugaga, yaani utando unaoganda kwenye meno, anaziba matundu, anang'oa jino lililoshindikana na kuelimisha jamii.

Umoja wetu umepata mafanikio makubwa. Tumezifikia shule za msingi za kata hii, na leo mtoto wa darasa la pili anajua kwamba akishapiga mswaki anatema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno ibaki kwenye meno. Kwa michango yetu wenyewe tumenunua sanamu ya taya na mswaki wake mkubwa, mnavyoviona hapo mezani. Akina mama wanaoleta vichanga vyao wang'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki, wakiamini ndiyo yanayoleta homa, sasa wanarudi nyumbani na mtoto mzima, wakiwa wameelewa kuwa hivyo ni vichipukizi vya meno ya kawaida, na homa ya mtoto imetafutiwa chanzo chake na kutibiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunalo hitaji moja, na tunaomba utuvumilie tulieleze vizuri. Tunaomba kompresa ya meno, na mashine ya kuondolea ugaga.

Kiti cha meno tunacho, na tunaishukuru Serikali. Lakini kiti bila kompresa hakina hewa ya kusukuma maji wala kuzungusha dirili, kwa hiyo kimefunikwa shuka kisipate vumbi. Mgonjwa anakaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiegemeza ukutani, muuguzi anamulika kwa tochi ya simu, na tabibu anakwangua ugaga kwa mkono, jino moja baada ya jingine. Nje foleni inasubiri. Mchana ukifika, waliobaki wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wengi hawarudi hadi jino liume.

Ugaga ukishakuwa mgumu, mswaki hauuondoi. Unakaa chini ya ufizi, ufizi unavimba na kutoa damu, mfupa unaoshikilia jino unaliwa, jino linalegea. Mwenye kisukari anaumia zaidi, kwa sababu ufizi mbovu unafanya sukari iwe ngumu kudhibiti, na sukari ikipanda ufizi unazidi kuoza. Watu wa aina hiyo tunawaona kila kliniki. Tulisomeshwa kuokoa meno yao, lakini kwa vifaa tulivyonavyo tunaishia kuyang'oa, na inatuuma sana.

Hitaji hili si geni, Mheshimiwa. Lilisomwa mbele ya mgeni rasmi wa mwaka juzi, akaahidi, tukapiga makofi. Lilisomwa tena mwaka jana, na mgeni aliyekuwepo akasema lipo kwenye bajeti. Kilicholetwa ni kompresa ya gereji, ya kujazia matairi upepo. Tulilazimika kuirudisha, maana hewa yake hutoka na chembe za mafuta, na hewa hiyo ingeingia kinywani mwa mgonjwa. Hatulaumu mtu. Tunachoomba ni kwamba safari hii, kabla ya kununua, mtaalamu wa meno aulizwe: iwe kompresa isiyotumia mafuta, ije na fundi wa kuifunga.

Hili linagusa pia ajira zetu. Vijana wanaoripoti hapa wakiwa na ari hawakai. Wanakwenda kliniki binafsi za mijini, ambako mashine zipo na ujuzi wao haufi. Anayebaki akiomba ruhusa ya kujiendeleza kimasomo, barua yake inachelewa kujibiwa. Hilo nalo tunaliweka mbele yako, ingawa kompresa ndiyo ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuheshimu na tunakuamini. Kwa unyenyekevu tunaomba ahadi ya leo itajwe pamoja na mwezi wa utekelezaji na ofisi itakayosimamia, na iingizwe kwenye muhtasari ambao Mganga Mfawidhi anauandika hapa hapa. Baada ya risala tunaomba upite chumba namba nne ukakione kiti hicho kwa macho yako.

Tunaomba kuwasilisha.