Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Kadi za Mkono, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Namshukuru Mungu tumeuona mwaka mpya, na wale wenzetu waliopatwa na misiba na waliofurikiwa na maji kipindi cha masika, poleni tena.

Shughuli za mwaka sitazirefusha maana mnazijua. Tulipanga vikao 12, vikafanyika 9. Kadi za Pasaka na Eid tulitengeneza kwa wakati mmoja kwasababu mwaka 2024 zilikaribiana sana, Pasaka tarehe 31 Machi na Eid tarehe 10 Aprili. Tukafanya za send-off, za kipaimara, za kumaliza kidato cha nne, na Desemba za Krismasi. Wanachama wapya wanne tukawafundisha kupiga muhuri, yaani kugonga picha na maneno kwenye kadi kwa mpira uliochongwa na wino. Basi.

Sasa niende kwenye jambo ambalo najua ndo mnalisubiri, ile 400,000 ya safari ya Bagamoyo.

Ni kweli hela ilitengwa kutoka kwenye faida ya 2023 ili twende Bagamoyo, na ni kweli nimeitumia yote kuchongesha mihuri. Sijaificha, risiti anazo mweka hazina. Ila naomba nieleze ilivyokuwa, maana kwenye grupu yameandikwa maneno mengi na mengine yameniuma, ikiwemo kwamba mwenyekiti anajifanya kikundi ni chake.

Mihuri yetu yote ya mwanzo ililetwa kutoka nje, tunashukuru kwa waliotuletea, lakini jamani tazameni ilivyo. Maneno yote Kiingereza. Picha ni theluji, ndege wa kifua chekundu, majani ya miiba ya kwao, na sisi Desemba hapa Dar jasho linatutoka mpaka pedi ya wino inakauka mkononi. Mwezi wa tano alikuja mama mmoja anataka kadi 40 za shukrani kwa watu waliomfariji msibani, akapekua sanduku lote la mihuri, akaniambia mwanangu hakuna hata moja linalosema ninachotaka kusema. Akaondoka. Kadi 40 za 4,000 ni 160,000 imetoka mlangoni hivihivi, na mimi nilikuwa peke yangu siku hiyo kwenye baraza, hakuna mwanachama mwingine aliyeliona hilo.

Halafu kuna kitu niliwahi kusoma kikanikaa kichwani. Kadi ya Krismasi ya kwanza ya kuuzwa ilitoka Uingereza mwaka 1843, aliyeiagiza anaitwa Henry Cole, na mchoraji wake Horsley hakuchora vya watu wengine, alichora familia ya kwao imekaa mezani inakunywa. Sasa kama wao walianza na meza yao, sisi kwa nini tugonge theluji?

Ndo nikaitisha kikao cha Juni. Walikuja watu sita. Sita kati ya 34, na akidi yetu ni 17. Nikaitisha tena Julai, wakaja tisa, mvua hakuna, foleni hakuna, Jumamosi saa 4 asubuhi. Fundi mihuri wa Kariakoo alikuwa ameshanipa bei, na harusi za mwisho wa mwaka zinakuja, ningesubiri akidi mpaka lini? Nikaamua. Wale tisa waliokuwepo walikubali wote na majina yao yako kwenye daftari la mahudhurio. Wanaosema hawakushirikishwa waangalie na wao kama majina yao yamo.

Mihuri ni 23, kila mmoja 16,000, jumla 368,000. Kumi na tano ni maneno: Hongera, Pole kwa Msiba, Heri ya Krismasi, Hongera kwa Kujifungua, Ahsante kwa Mchango Wako na mengine. Nane ni picha: jahazi, mnazi, mkeka, korosho ile ya kwenye kanga, na kadhalika. Michoro ya picha sita nimechora mwenyewe kwa kalamu, usiku, kwa wiki tatu, na sikulipwa.

Hiyo 32,000 iliyobaki ilienda hivi, nasema wazi. Muhuri lazima uchongwe kinyume ili ukigonga usomeke sawa. Mimi kwa kulijua hilo nikageuza michoro minne kwenye simu kabla ya kumtumia fundi, na fundi naye akaigeuza kama anavyofanya siku zote bila kuniuliza. Nilipogonga wa kwanza kwenye manila nyeupe ikatoka Hongera inayosomeka kwenye kioo tu. Nilikaa nayo dakika kadhaa naiangalia. Tukajadiliana, akakubali kurudia minne kwa nusu bei, 8,000 kila mmoja. Ndo 400,000 ikaisha. Kosa lilikuwa la kutoelewana na halikuwa uzembe, na tangu hapo naandika pembeni ya kila mchoro: haujageuzwa.

Na matokeo ni haya. Januari mpaka Juni tuliuza kadi 117. Julai mpaka Desemba tumeuza 295. Iliyouzika kuliko zote ni ile niliyoipanga kama kanga, pindo linazunguka pembeni, mji katikati ndo picha, na chini jina, yaani maneno. Mteja akiifungua anaisoma kama anavyosoma kanga ya mamake. Wazo hili nililileta mimi na nalisema kwasababu limeshaanza kutajwa kama la watu wengine.

Mapato kwa ujumla ada 1,185,000, mauzo 1,640,000, jumla 2,825,000. Matumizi, pamoja na manila, wino, riboni, tepu ya pande mbili, rambirambi na michango ya harusi za wanachama, 2,391,000, bila kuhesabu ile ya mihuri. Bakaa 434,000. Mkisema twende nayo Bagamoyo siwezi kukataa, lakini manila ya Pasaka tutanunua na nini?

Ada ni 5,000 kwa mwezi. Kwa watu 34 ilitakiwa ipatikane 2,040,000. Waliomaliza ni 11 tu. Deni ni 855,000, na hiyo ingelipwa tungeenda Bagamoyo mara mbili na chenji ikabaki. Wanaodai safari kwa sauti kubwa zaidi wapo kwenye orodha ya wadaiwa, majina sitayasoma hapa, mweka hazina atampigia kila mtu kwa wakati wake.

Mahudhurio nimeshayagusia ila kuna hasara nyingine nataka muione. Somo la unga wa embosi, ule unaoyeyushwa juu ya wino ili maandishi yainuke na kung'aa, tulilifanya Aprili, mvua inanyesha, hewa imelowa, na unga ukawa unanata kila sehemu ya karatasi mpaka pasipo na wino. Dawa yake ni kupangusa manila kwanza na tishu yenye poda kidogo ya mtoto, ndo ugonge kwa ule wino unaochelewa kukauka, unyunyize unga, ukung'ute, uliobaki urudi kwenye kopo, halafu uchome kwa mashine ya hewa ya moto mpaka uone unayeyuka na kung'aa. Walijifunza watu saba. Mwezi wa kumi, kwenye oda ya send-off, mwenzetu ambaye hakuwepo alitumia drai ya nywele, ikapeperusha unga wote, kadi 18 zikaharibika na kopo zima likaishia kwenye mkeka. Simlaumu yeye, ila angekuwepo Aprili tusingefika huko.

Kwa mwaka huu tunategemea, Mungu akijalia, kupata meza kwenye maonyesho ya Sabasaba hata ya kushirikiana na kikundi kingine, na tukiweza tuangalie mashine ya kukatia maumbo. Bagamoyo nayo ipo kwenye mawazo.

La mwisho, sanduku la mihuri litaendelea kukaa kwangu. Najua wengine hawapendi, lakini lilipokuwa linazunguka lilirudi na mihuri mitatu yenye wino uliogandia na miwili iliyoachwa juani mpaka mpira ukakakamaa. Anayehitaji aje achukue na asaini. Muhuri wa jahazi na ule wa Hongera kwa Kujifungua haijarudi tangu Novemba, aliyenayo ailete hata kama ni michafu, nitaisafisha mwenyewe. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa 4 asubuhi, palepale barazani Magomeni.

Wenu,
Mwenyekiti