Yah: Malalamiko kuhusu michoro ya nyumba yangu ya Goba

Goba,
Dar es Salaam.
10 Juni 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Usanifu Majengo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu Oktoba 2023. Ni mwalimu mstaafu, na nyumba hii naijenga kwa kiinua mgongo changu ili nikae na mama yangu, mwenye umri wa miaka 81. Nimewapigia simu mara nyingi na nimefika ofisini kwenu mara mbili. Kila nikifika naambiwa mhusika yuko saiti. Saiti yangu hajawahi kuonekana. Sasa nawaandikia rasmi, kwa sababu ukuta umefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na tukishamwaga zege la lenta kurekebisha kutakuwa ni kubomoa.

Lalamiko langu ni kwamba mmeniuzia ramani ya nyumba ya mtu mwingine.

Jambo hili tuliligundua tarehe 17 Februari. Fundi mkuu alikuwa ameshachimba msingi upande wa barabarani. Alipovuta kamba ya usawa kuelekea nyuma ya kiwanja, kamba ikabaki hewani. Akaenda kusimama chini yake, ikamjia usawa wa macho. Tukapima: ardhi inashuka mita 1.6 ndani ya urefu wa nyumba tu. Tukatandaza michoro yenu juu ya rundo la tofali, tukaibana kwa mawe isipeperuke. Kwenye ukurasa wa 7, wenye mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kutoka juu hadi chini, mstari wa ardhi umenyooka kama umepigwa kwa rula, kuanzia mbele hadi nyuma. Yeyote aliyewahi kupita Goba anajua kwamba huku ni vilima na makorongo. Fundi ndiye aliyenionyesha kona ya chini kulia. Kurasa nyingine zote zina jina langu na namba ya kiwanja changu. Ukurasa wa 7 umeandikwa Kigamboni, na namba ya kiwanja nisichokijua.

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Sikuwa na hasira bado, nilikuwa nahesabu fedha kichwani.

Mkataba wetu, kifungu cha 3, unasema mtafika kiwanjani na kukipima kabla ya kuanza kuchora. Hamkufika. Jirani yangu anashinda kibarazani kwake kutwa nzima na ndiye anayenitunzia kiwanja; hakuna mtu wa kwenu aliyemwona. Ada ilikuwa shilingi 6,500,000. Nililipa 3,900,000 siku ya kusaini na 2,600,000 siku mliyonikabidhi michoro. Stakabadhi zote mbili nimeziambatisha. Sikukopa hata shilingi kwenu, wala sikuomba punguzo.

Siku ile ile tulipogundua kosa nilipiga simu. Nilijibiwa, "Endeleeni tu mama, fundi atarekebisha hukohuko." Fundi akarekebisha kwa kadiri ya ujuzi wake. Upande wa nyuma ikabidi tupandishe ukuta wa msingi ambao haumo kwenye michoro: tofali 860 za kulaza, shilingi 1,290,000. Kifusi lori 19, shilingi 2,660,000. Saruji, nondo, kokoto na mchanga, shilingi 1,830,000. Ufundi shilingi 900,000. Jumla shilingi 6,680,000, yaani zaidi ya ada yote niliyowalipa, na hakuna hata senti moja kati ya hizo iliyokuwemo kwenye makadirio mliyonipa.

Fedha hizo zinaniuma, lakini kinachoninyima usingizi ni ule ukuta wenyewe. Umebeba nyumba kwa juu, na kwa ndani unasukumwa na kifusi kile chote. Hakuna mhandisi aliyeupigia hesabu. Nondo ziliwekwa kwa makisio. Masika ya mwaka huu nyote mliyaona. Mwezi Aprili maji yaliteremka kutoka barabarani yakatuama kwenye ukuta wa mbele, kwa kuwa michoro yenu haina mtaro wa kuyakatia njia, kisha yakapenya chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Asubuhi moja nilikuta ukuta wa nyuma unavuja majimaji mekundu katikati ya tofali, kutoka kwenye kifusi. Nikaweka kiganja, nikasikia ubaridi wake. Mama yangu atalala juu ya ukuta huo.

Na kuhusu mama yangu. Siku ya kikao chetu cha kwanza nilieleza kwamba anatumia kiti cha magurudumu, na kwamba chumba chake na choo chake lazima viwe na milango ya kupitisha kiti. Kijana wenu aliyetusikiliza alikuwa na adabu sana, aliandika kwenye daftari lake jekundu mbele yangu: "Mama, kiti, mlango 90." Nilitoka ofisini kwenu nimeridhika. Michoro ilipokuja, mlango wa choo chake ni sentimita 70, na kutoka sebuleni kwenda chumbani kwake kuna ngazi mbili. Kosa langu ni kwamba sikujua kuisoma ramani, niliwaamini. Wiki iliyopita nilikipeleka kile kiti saiti kikiwa kitupu, kina upana wa sentimita 66. Kilipita kwenye uwazi wa ukuta kikiwa na sentimita 2 kila upande, na fremu bado haijawekwa. Ikiwekwa, hakipiti kabisa.

Ndugu zangu waliniambia tangu mwanzo, kwa nini upoteze mamilioni kwa msanifu wakati fundi ana ramani kwenye simu yake? Niliwakatalia. Niliamini, na bado naamini, kwamba nyumba ichorwe na mtu aliyesomea, aliyesimama kwenye ardhi yenyewe akaona maji yanatokea wapi na jua la jioni linapiga upande gani. Hicho ndicho nilichokinunua kwenu.

Naomba mambo haya. Msanifu aliyesajiliwa, si mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, aje kiwanjani pamoja na mhandisi wa miundo waukague ukuta wa nyuma na kuniandikia kwa sahihi na mhuri kama ni salama, na kama si salama, ufanyiwe nini. Michoro isahihishwe ilingane na kiwanja changu, milango ya mama na mtaro vikiwemo, na ninyi mgharamie kuipeleka upya Manispaa ya Ubungo, maana kibali nilichonacho kimetolewa kwa michoro ile ya makosa. Nirudishiwe shilingi 6,680,000. Na zile ziara nne za ukaguzi zilizomo kifungu cha 6, za msingi, jamvi, lenta na kupaua: mbili zimeshapita bila mtu kufika, zilizobaki zifanyike.

Nasubiri majibu ya maandishi hadi tarehe 24 Juni. Nisipoyapata, barua hii na viambatisho vyake nitaipeleka Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyopo kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Ningependa zaidi tuyamalize wenyewe.

Kazi nimeisimamisha. Jumamosi tarehe 15 nitakuwepo kiwanjani kuanzia saa 2 asubuhi, pamoja na fundi. Kiti cha mama kitakuwepo pia. Njooni na futi yenu.

Wenu,

Mteja wenu wa Goba