Historia ya Girl Guides wa kanisa letu

Bwana asifiwe, akina mama na dada zangu. Kabla ya 22 Februari, siku ya Girl Guides (skauti wa kike) duniani, tuandike historia ya kikundi chetu. Harakati hii ilianza Uingereza 1910, ikafika Uganda 1921. Hayo yapo vitabuni. Ya hapa kwetu yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanatutoka. Mama mmoja wa kwaya alinionyesha beji yake: majani matatu, kila jani sehemu moja ya ahadi ambayo kila Girl Guide hutoa. Pini imeliwa na kutu, lakini huitunza ndani ya Biblia. Vitu kama hivyo ndivyo tunavyovitafuta! Leteni picha, tai na madaftari ya kambi Jumapili baada ya ibada. Bibi asiyeweza kufika, niambieni, nitamfuata nyumbani.