Mama Salim, usijitoe kwanza

Mama Salim shoga yangu, salaam aleikum, za huko? Mama anaendeleaje na miguu yake? Sisi wazima, alhamdulillah, baridi tu. Najua nimenyamaza sana, hizi shifti za usiku zimenimaliza, lakini ile voisi yako ya juzi imeninyima usingizi. Eti 2027 husimami tena MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, kwa vile 2022 ulianguka kwenye mchujo na watu wa wadi wanakucheka sokoni? Hapana bwana, nimekataa.

Unamkumbuka yule mbunge wetu wa hapa Brooklyn Park, Melissa Hortman, aliyeuawa tarehe 14 Juni 2025? Ulinipigia kunipa pole. Huko mlisikia kifo tu, kwamba mtu kajivalisha kama polisi, kaja usiku nyumbani kwao, kamuua yeye na mumewe Mark. Maisha yake hakuna aliyewasimulia. Aligombea bunge la jimbo la Minnesota 1998, akaanguka. Akarudi 2002, akaanguka tena. Mara mbili Mama Salim! 2004 ndiyo akapita na hakushindwa tena mpaka anauawa, na tangu 2019 hadi mwanzo wa 2025 alikuwa Spika. Sasa wewe umeanguka mara moja, tena kwenye mchujo wenyewe unaujua ulivyokwenda, ndiyo unataka kukunja mkeka?

Na hakukaa pale kupasha kiti moto. 2023 chama chake cha Democratic kilikuwa na wingi mdogo sana, kwenye seneti walizidi kwa mtu mmoja tu, lakini walipitisha mambo mpaka watu wakashangaa. Chakula cha shule bure kwa kila mtoto, asubuhi na mchana, wangu mimi wanakula mpaka leo na ile barua ya deni la kantini haijaja tena. Leseni ya udereva hata kama huna makaratasi ya uhamiaji, we fikiria watu wangapi tunaowajua walikuwa wanaendesha kwenda kazini roho mkononi. Likizo yenye malipo ukijifungua au ukiuguza mtu.

Ila kuna kura moja mpaka sasa inaniuma. Mwaka ule wa 2025 bunge lilikuwa sare, wabunge 67 wa chama chake kwa 67 wa Republican, bajeti imekwama, na bila bajeti mwisho wa Juni serikali ya jimbo ingefungwa. Upande wa pili wakashikilia kwamba watu wazima wasio na makaratasi watolewe kwenye bima ya afya ya MinnesotaCare. Akakubali ili mambo yaende, na siku ya kura, tarehe 9 Juni, wenzake wote wa chama waliopiga kura kwenye lile bunge wakapiga hapana, yeye peke yake ndiyo. Alilia mbele ya waandishi, alijua wapo watakaoumia. Mimi sikuipenda na sitaipenda, kuna watu wetu hapa wamebaki bila daktari, lakini mzigo aliubeba mwenyewe, hakumtwisha mwenzake. Siku tano baadaye akauawa. Pale Capitol ya St. Paul, jengo la bunge la jimbo, nilipanga foleni kuwaaga na maelfu ya watu, majeneza mawili, na pembeni chombo chenye majivu ya mbwa wao Gilbert. Mwanamke wa kwanza kupewa heshima ile ya kulazwa Capitol Minnesota.

Ndiyo maana nakwambia, kiongozi wa aina hii ni wewe, uliyesimamia lile bomba la maji mpaka likafika kwa Bi Zuhura. Au unafikiri wale wanaume wenye mabango ndio watakaomalizia?

Haya nijibu. Baba Salim anasemaje? Lile kundi la akina mama bado linakutana au lilivunjika baada ya ile kesi? Mwalimu atakuunga mkono safari hii au bado kanuna? Na kama ni pesa ya fomu inayokutisha, si useme tu? Ijumaa niko ofu, nipigie, usitume voisi.