Bima ya afya isisahau macho ya wazee

Mheshimiwa Mhariri,

Habari yenu kuhusu bima ya afya kwa wazee wa Bukavu imepita haraka juu ya macho. Wengi tunapochagua mituele, yaani vyama vya kuchangiana gharama za matibabu, huuliza kwanza bei ya mchango, ilhali kwa mzee swali kubwa ni kama mkataba unalipia upasuaji wa mtoto wa jicho, wala si miwani peke yake. Glakoma, ugonjwa mwingine wa macho, ni hatari zaidi, kwa kuwa hupunguza uwezo wa kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Hivyo upimaji wa mara kwa mara ulipiwe hata kwa asiyelalamika.

Naomba mituele zetu, zenye sheria yao hapa Kongo tangu 2017, ziandike wazi huduma hizo, muda wa kungojea kabla ya kuanza kulipiwa na sehemu anayolipa mgonjwa, nasi tunaowalipia wazazi tuyasome hayo kabla ya kutia sahihi.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu