Barua kwa mwanangu: orodha uliyoniomba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Umeniomba nikuandikie orodha ya vitabu vinavyobadilisha maisha, ukasema hata kumi vinatosha. Nilichukua karatasi nikaanza. Nilipofika cha nne niliacha, maana niliona naorodhesha vitabu vilivyonigeuza mimi, kila kimoja kwa wakati wake na kwa shida yake, na shida hizo wewe huna. Zako unazo, ila sizijui zote, na si lazima nizijue. Basi badala ya orodha nakuletea kitabu kimoja na barua hii.

Utaona kimechakaa, jalada limebanduka upande mmoja. Ni riwaya. Nilikipata nikiwa na miaka 23. Ndani yake kuna mzee ambaye hasemi na wanawe ila kwa amri: funga mlango, zima taa, ulikuwa wapi. Fungua ukurasa wa 87. Pambizoni nimeandika kwa wino mweusi: "Mzee huyu hana moyo." Nilikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokeza upande wa pili wa karatasi. Hasira ile haikuwa ya mzee wa riwayani. Nilikuwa namwandikia babu yako.

Chini ya maneno hayo kuna neno jingine, dogo, la penseli. Hilo nililiandika miaka 11 baadaye. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu na homa imekupanda. Mama yako alikuwa amekesha nawe usiku wa kwanza, nikamwambia alale. Nilikukumbatia kifuani mpaka alfajiri. Sikukuimbia wala sikukubembeleza, hata neno moja halikunitoka. Homa iliposhuka nikakulaza. Usingizi haukuja, nikavuta kitabu kilichokuwa karibu, kikawa hicho. Pale ukurasa wa 87 mzee alikuwa yule yule na amri zake zile zile, lakini safari hii nilimwona amesimama kando ya mlango gizani, anahesabu watoto wake wanavyoingia. Sentensi hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeipita kama haipo. Nikaandika: "Anaogopa."

Asubuhi nilimpigia babu yako simu. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia homa imeshuka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya." Hiyo "haya" yake niliichukia tangu utotoni, nikidhani ndivyo anavyonifukuza. Siku ile nilisikia jinsi alivyoshusha pumzi kabla ya kuitamka.

Ndiyo maana nasita mtu anapokuhakikishia kwamba kitabu fulani kitakubadilisha. Kitabu hukukuta na jambo lako, na kama jambo halipo, maneno yanapita tu. Pengine umesikia habari ya Gandhi. Mwaka 1904 alipanda treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, na rafiki yake Henry Polak akampa kitabu cha Mwingereza John Ruskin cha kusoma njiani. Alikisoma safari nzima, usiku ule hakupata usingizi, na mwaka huohuo akaanzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban, kwa mpango kwamba kila mtu afanye kazi za mikono na malipo yawe sawa kwa wote. Watu huisimulia kama vile kitabu kilimwangukia kutoka mbinguni. Mwenyewe aliandika kwamba alizikuta humo imani zake za ndani kabisa. Alikuwa amezibeba muda mrefu, ila hakuwa ameziona zimeandikwa.

Mwingine ninayempenda ni Michael Faraday. Aliingia kujifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London mwaka 1805, akiwa na miaka 14, na alikuwa akisoma vile vilivyoletwa kujalidiwa. Kimojawapo kilikuwa cha kemia, kilichotungwa na Jane Marcet, na matoleo yake ya mwanzo hayakuwa hata na jina la mwandishi. Kijana hakuridhika kukiamini. Alifanya majaribio madogo aliyoyamudu, aone kama lililoandikwa ni kweli. Mtu huyo ndiye aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme, na alipokuwa na jina kubwa aliendelea kumpelekea Jane Marcet makala zake kama shukrani. Kwangu mimi hilo la kujaribu kwanza lina uzito kuliko umaarufu wake wote.

Lakini ninayetaka umfikirie sana ni Frederick Douglass. Alizaliwa utumwani Marekani. Huko Baltimore mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, mume akamkataza mbele ya mtoto, akisema mtumwa akijua kusoma ataharibika, hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia. Katazo lile ndilo lililomwonyesha njia. Aliendelea kujifunza kwa watoto wa mtaani, akiwapa mkate nao wakimpa herufi. Alipokuwa na miaka kama 12 alipata kitabu cha hotuba, na ndani yake kulikuwa na mazungumzo ya bwana na mtumwa wake aliyekamatwa baada ya kutoroka. Bwana anatoa hoja zake zote, mtumwa anazijibu moja baada ya nyingine, mpaka mwishowe bwana anamwacha huru. Douglass alikuwa akiyarudia mara kwa mara.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa kuwa wanaosifu vitabu hukiruka. Hakufurahi. Aliandika kwamba kuna nyakati aliona kujua kusoma ni laana, kwa sababu kulimwonyesha shimo alimotumbukizwa bila kumwonyesha ngazi ya kupandia. Aliishi na maumivu hayo miaka kadhaa, hadi alipotoroka mwaka 1838. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinakukosesha raha, usikifunge upesi. Kaa nacho. Jiulize kimekugusa wapi.

Tena usidhani kila badiliko ni la heri. Nilipokuwa na miaka 19 kuna kitabu kilinifanya niwadharau watu wasiosoma, pamoja na waliokuwa wakinilea. Kilinibadilisha kwelikweli. Kilinipa maneno makali, nikayatumia kwa watu walionipenda, na baadhi yao walitangulia mbele ya haki kabla sijawaomba radhi. Kitabu hicho kilikuwa kinanisifu kila ukurasa, na sifa ilikuwa tamu. Siku hizi, kitabu kikinikubalia sana nakiweka chini, naenda kutafuta anayekipinga.

Basi kisome hiki polepole. Usikubali nilichoandika mimi pambizoni, si cha wino wala si cha penseli. Nilikuwa kijana mwenye hasira, kisha nikawa baba mwenye hofu, na wote wawili walisoma kwa macho yao. Wewe unayo yako. Na najua, mwanangu, kwamba umekua ukinisikia nikisema funga mlango, zima taa, ulikuwa wapi.

Ukurasa wa 87 una nafasi bado, upande wa kushoto. Ukitaka kuandika kuhusu yule mzee, au kuhusu mimi, andika kwa wino. Kitabu ni chako.

Baba yako